Mshona viti vya magari aliyekwenda kila mahali kwa miguu

Saa moja asubuhi, kitu cha kwanza anachokiona mgeni anayeingia kwenye karakana hii ni nyayo mbili. Zimechomoza kwenye mlango wa gari la bluu ambalo umri wake unawazidi wengi wanaolipita barabarani. Mwenye nyayo yumo ndani, kichwa kimezama chini ya kiti cha nyuma, na sauti yake inatoka kama ya mtu aliye kisimani.

"Karibu! Kaa popote, ila si juu ya hilo turubai. Lina sindano."

Baada ya kuvutana na msumari mmoja mkaidi, anatoka kinyumenyume. Nywele zimejaa usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi ambazo mafundi wa enzi hizo walizishindilia kwenye viti kabla ya sponji kuenea. Mkononi ameshika kibanio cha nywele, gololi ya kioo na kipande cha biskuti kigumu kama kokoto.

"Chini ya kiti cha gari la zamani ni kama chini ya kitanda cha bibi," anasema. "Utakuta kila kitu, isipokuwa ulichokuwa unakitafuta."

Madereva, mafundi wa jirani na watoto wa mtaa humwita Mama Sponji. Ana miaka hamsini na minane, na zaidi ya nusu ya hiyo ameimaliza akishona viti vya magari. Karibu kila gari la kale linalong'aa mjini hapa limewahi kulala kwenye karakana yake, likavuliwa viti, likavikwa upya.

Kila mwaka wenye magari hayo huyatoa kwa matembezi ya siku moja. Yanatoka kwa msururu, yamepigwa msasa na nta, wenyewe wamevaa kofia na suti za babu zao, watu barabarani wanapunga mikono. Na kila mwaka Mama Sponji alisimama mlangoni mwa karakana, akaangalia viti vyake vikipita na makalio ya watu wengine.

Yeye hakupanda. Hakuweza.

"Gari likianza tu kutembea, tumbo langu linafungua mkutano," anasema. "Na ajenda ni moja."

Kichefuchefu hicho alizaliwa nacho. Akiwa mtoto alitapika kwenye basi, kwenye lori, hata kwenye mkokoteni. Alipewa dawa za kila aina: tangawizi, limau, vidonge, kunusa sarafu. Hakuna iliyosaidia.

Siku ya harusi yake ndugu walikodi magari na kuyapamba kwa riboni. Bibi harusi akaingia, mlango ukafungwa, na kabla ya kona ya kwanza akaomba ashushwe. Akavua viatu, akainua gauni, akaanza kutembea. Bwana harusi kuona hivyo, naye akashuka. Magari yakawafuata polepole nyuma, yakipiga honi, ndani hamna mtu isipokuwa madereva na keki.

"Wenzangu wameoa wake, mimi nimeoa safari ya miguu," anasema mumewe, kinyozi mwenye duka upande wa pili wa barabara, aliyeingia karakanani na taulo begani mara tu aliposikia kuna mwandishi. "Lakini niangalie. Katika rika langu, nionyeshe mwingine asiye na kitambi."

"Kitambi hana," mkewe anaafiki. "Ila maneno anayo."

Wengi huuliza ilikuwaje mtu wa namna hiyo akaishia kufanya kazi ndani ya magari. Jibu ni dada yake mkubwa. Mama yao alifariki wakiwa wadogo, na dada ndiye aliyemlea, akampikia, akamsuka, na kumfundisha kushika sindano. Alipoolewa, mdogo mtu akabaki mjini akishona nguo za wanawake. Siku moja dereva wa teksi akamletea kiti kilichochanika. Akakishona kama gauni, kwa mikunjo na pindo. Abiria wakakisifu. Wiki iliyofuata wakaja madereva wengine watatu.

"Gari lililosimama halijawahi kunikosea," anasema. "Ubaya wake ni kutembea tu."

Shida ilikuwa kwamba dada aliolewa mbali, mji ulio ng'ambo ya vilima, karibu nusu siku kwa basi. Mdogo hakuweza kwenda. Kwa hiyo kwa miaka yote ni dada aliyekuja, mara mbili kwa mwaka, na mzigo wa vitambaa kichwani na umbea wa mji mzima kifuani. Walikuwa wakilala chumba kimoja na kuzungumza mpaka kinyozi anahamia sebuleni.

Kisha nyonga ya dada ikaharibika. Ngazi ya basi ikamshinda. Safari zikakatika.

Wakabaki na simu kila Jumapili. Mama Sponji anaikumbuka moja hasa, ambayo dada alimwambia, "Mdogo wangu, sasa limebaki tumbo lako na nyonga yangu. Tusubiri tuone kipi kitaona haya kwanza."

"Alisema akicheka, na mimi nikacheka. Nilipokata simu nikaenda nyuma ya karakana nikalia. Nilikuwa nimefikisha miaka sita sijamtia machoni."

Mambo yaligeuka kwa ajali, na ajali yenyewe ilikuwa ya kuchekesha.

Upande wa pili wa ukuta wa karakana kuna gereji ya mkwewe, mume wa binti yake wa pekee, fundi wa injini. Magari ya zamani huanzia kwake na kumalizikia kwa mama mkwe. Siku hiyo walikuwa wakilisukuma nje gari moja la rangi ya krimu, mali ya daktari wa meno, ambalo watu wote hulijua kwa jina la Maziwa. Vijana walikuwa nyuma wakisukuma, na akatakiwa mtu wa kushika usukani. Mama Sponji, aliyekuwa ndani akijaribu ulaini wa kiti alichomaliza kukishona, akasema atashika yeye. Ni hatua chache tu.

Uwanja wa pale umeinama kidogo. Maziwa likaanza kwenda lenyewe.

"Kanyaga breki, Mama!" vijana wakapiga kelele.

"Breki hazikuwemo," anasimulia. "Zilikuwa mezani kwa mkwe wangu."

Akaushika usukani kwa mikono miwili. Akalikwepa pipa la maji, akalikwepa benchi la vyuma, akamkwepa mkwe mwenyewe aliyekuwa amesimama katikati na spana, mdomo wazi. Gari likaenda likajikita kwenye lundo la sponji kuukuu lililokuwa linangoja kutupwa, likatulia kama mtoto aliyelazwa.

"Watu wakaja mbio. Wananikuta nimekaa kimya. 'Mama, umeumia?' Nawaambia, 'Nyamazeni kwanza, nasikiliza tumbo.'"

Tumbo lilikuwa kimya.

Jioni daktari wa meno alipofika kuliangalia gari lake, badala ya kuombwa radhi akaulizwa kwa nini safari hii tumbo halikuchafuka. Akafikiri, akamweleza kwamba mwenye usukani huiona kona kabla mwili haujaisikia, ndiyo maana madereva wengi hawachefukwi. Anayebebwa ndiye anayeshtukizwa.

"Kwa hiyo ugonjwa wangu si gari," Mama Sponji akamwambia. "Ugonjwa wangu ni kubebwa."

"Inawezekana."

"Basi nitabeba mimi."

Mwalimu aliyepatikana alikuwa mmoja tu, mkwe. Na hapo ndipo mtaa ulipopata burudani ya bure kwa miezi kadhaa.

Mkwe huyo ni kijana mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya kuzima injini. Kwenye gereji yake anafoka mpaka nyundo zinajificha. Lakini mbele ya mama mkwe huinamisha macho na kuongea kama anaomba chumvi kwa jirani. Kumfundisha mtu kuendesha gari kwa adabu ya namna hiyo, wanasema waliowashuhudia, ni hatari kuliko kukosa breki.

"Ningemwambiaje mama mkwe 'wewe, angalia mbele'?" mkwe anajitetea, akijifuta grisi vidoleni. "Nilikuwa namwambia, 'Mama, kama hutajali, mbele yetu kuna ukuta.'"

"Na mimi nikawa namjibu, 'Asante, baba,'" anaongeza Mama Sponji. "Kufika hapo na ukuta umeshafika."

Walifanya mazoezi kwenye uwanja mtupu wa mpira, asubuhi, kabla ya kazi. Gari walilotumia ni pikapu ya gereji, kuukuu, isiyo na kingine cha kupoteza. Klachi ilimtesa. Gia ya pili ilimkataa. Mara moja alirudi nyuma alipotaka kwenda mbele, akaangusha goli. Mumewe, aliyekuwa akitazama pembeni, akapiga filimbi na kutangaza kwamba bao limekataliwa.

Kila alipomaliza zamu, alizima injini na kukaa kimya, mkono tumboni, akisubiri. Na kila mara hakuna kilichokuja ila njaa.

Kwenye mtihani wa leseni alianguka mara ya kwanza kwa kosa la upole. "Niliwapisha wote," anakiri. "Nilimpisha hata mmoja aliyekuwa ameegesha, kumbe mwenyewe yuko dukani." Mara ya pili akapita. Binti yake alipopigiwa simu alipiga kelele iliyosikika mpaka kwenye duka la kinyozi, na kinyozi akamwacha mteja nusu ya kichwa.

Dada hakuambiwa lolote.

"Nilitaka kwanza nijue nitamfikia. Mtu huwezi kumwahidi dada yako kitu, kisha ukatapikia njiani."

Gari la kumfikisha hakuwa nalo. Pikapu isingevimaliza vilima. Hapo ndipo bahati ilipobisha hodi, kwa njia ambayo daktari wa meno anasema kwake haikuonekana bahati hata kidogo. Alipanda mti wa uani kukata matawi, akateleza, akavunjika mkono. Akafungwa plasta kuanzia kiwiko, wiki mbili kabla ya matembezi ya magari ya zamani. Na njia ya mwaka huo ilikuwa imeshatangazwa: msururu ungepanda vilima, ungemalizia kwenye kituo cha zamani cha reli, katika mji wa ng'ambo.

Mji wa dada.

Daktari alifika karakanani ameinamisha kichwa, akasema Maziwa halitatoka mwaka huu. Mama Sponji alikuwa na pini kadhaa mdomoni. Akazitoa moja baada ya moja, akazichoma kwenye kifuko chake, ndipo akasema, "Daktari, mimi nina leseni."

"Nilimtazama," daktari anakumbuka. "Hili ndilo gari alilolitumbukiza kwenye lundo la sponji. Lakini nikajiambia, alikwepa pipa, akakwepa benchi, na breki hana. Nani mwingine nimpe?"

Asubuhi ya matembezi ilikuwa angavu, umande umekaa juu ya boneti. Mstarini kulikuwa na gari jekundu lenye macho kama ya chura, basi dogo la shule la zamani lililojaa wajukuu wa mwenyewe, gari refu jeusi lililowahi kubeba maharusi wa vizazi vitatu, na pikipiki yenye kigari cha ubavuni mfano wa kidau, alimokaa mbwa amevaa miwani. Maziwa lilikuwa katikati. Mama Sponji alivaa gauni la madoa meupe alilolishona mwenyewe, na kitambaa kichwani. Mumewe alikaa mbele, pembeni yake, amevaa suti. Mfukoni mwa suti hiyo, kwa siri, alikuwa amekunja mifuko miwili ya plastiki.

Daktari alikaa nyuma na plasta yake. "Sijawahi kukaa nyuma ya gari langu," anasema. "Nikagundua kwamba kiti cha nyuma ndicho kizuri kuliko vyote. Nilijisikia mjinga. Nikalala."

Honi zikapigwa, kila moja na sauti yake, nyingine kama bata, nyingine kama tarumbeta. Msururu ukatoka. Watu walitoka majumbani na vikombe vya chai mkononi. Wazee walisimama, wakiwaonyesha wajukuu kwa vidole: lile nilipanda, lile lilikuwa la mwajiri wangu, lile lilimpeleka bibi yako hospitali siku aliyozaliwa mjomba wako. Mama Sponji alikuwa amezoea kuyaona haya akiwa ukingoni. Sasa walikuwa wanampungia yeye.

"Nikasahau kupunga. Nilikuwa na gia ya pili mkononi."

Barabara ilipoanza kupinda vilimani, kinyozi aliacha kusimulia. Paji la uso likamtoka jasho. Mtu aliyetembea kwa miguu karibu maisha yake yote ya ndoa, kwa ajili ya mkewe, hakuwa amewahi kujijua upande huo.

"Mume wangu, una nini?"

"Hakuna."

"Angalia mbele. Usiangalie pembeni. Na hiyo mifuko uliyoificha, itoe."

Aliitumia yote miwili. Mkewe anaapa hakucheka mpaka waliporudi nyumbani. Kinyozi anasema aliisikia sauti ya kicheko chake kabla ya kona iliyofuata.

Karibu na kilele, gari jekundu lililokuwa mbele likachemsha maji. Mvuke ukapaa, msururu mzima ukasimama, kila gari limening'inia kwenye mwinuko. Maji yakaongezwa kwenye rejeta, watu wakapiga makofi, safari ikaendelea. Isipokuwa Maziwa. Mama Sponji alipoachia klachi, gari likatetemeka, likazima, likarudi nyuma kidogo. Akajaribu tena. Likazima tena. Nyuma yake lilikuwepo basi dogo, na madirishani nyuso za watoto.

"Hapo ndipo nilipoogopa," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inashuka. "Nikafikiri, nimefika hapa, naliona bonde la dada yangu kwa macho, halafu nitarudishwa kwa kuvutwa na kamba."

Mkwe, aliyekuwa mkiani mwa msururu na pikapu ya vipuri waliyoikodi wenye magari, alikuja akikimbia. Akaegemea dirisha. Akaanza kwa desturi yake: "Mama, kama hutajali..."

Gari likazima mara ya tatu. Na adabu ya miaka yote ikakatika.

"MAFUTA, MAMA! KANYAGA MAFUTA! USILIONEE HURUMA!"

Mama mkwe akakanyaga. Injini ikanguruma, Maziwa likaruka mbele kama mbuzi aliyefunguliwa, daktari akaamka akiuliza wamefika wapi, na watoto wa basi wakashangilia kama wamefunga bao la ushindi. Kijana akabaki katikati ya barabara, mikono kichwani.

"Aliniomba msamaha wiki nzima," anasema Mama Sponji. "Alikuja mpaka na matunda. Nikamwambia, baba, ungenifokea tangu siku ya kwanza, ningefaulu mtihani mara moja."

Dada alikuwa amepigiwa simu asubuhi hiyo na kuambiwa kitu kimoja tu, akae barazani mchana, kuna magari ya zamani yanapita, na mkwe atamletea salamu. Kwa hiyo alikaa. Alivaa vizuri, fimbo yake pembeni, na aliyekuwa akimtafuta ni kijana mkubwa mwenye pikapu. Gari la krimu liliposimama mbele ya nyumba yake, alimwona kwanza shemeji yake akishuka, amepauka kama unga.

"Shemeji! Umekuja? Mbona uko hivyo? Na mwenzio umemwacha na nani?"

Kinyozi akaonyesha kwa kidole upande wa dereva.

Mlango ukafunguliwa. Mama Sponji akashuka, akazunguka boneti, akasimama chini ya baraza. Alikuwa ameandaa maneno tangu kileleni. Yote yakamtoroka.

"Dada. Shikamoo."

Dada akamtazama usoni, akatazama gauni, akatazama usukani. "Nani kakuleta?"

"Nimejileta."

Majirani wanasema kilio na kicheko cha wanawake wale wawili havikutenganishika, na kwamba fimbo ilianguka na hakuna aliyeiokota kwa muda mrefu. Msururu wa magari ukawapita ukipiga honi, mpaka pikipiki ya mbwa.

Kisha ikaonekana jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Ngazi ya basi ilikuwa mlima kwa dada, lakini gari la zamani ni la chini, na mlango wake ni mpana. Akageuka, akakaa kwanza, kisha akaiingiza miguu mmoja mmoja. Ilikuwa rahisi kama kukaa kitandani. Mdogo wake akampeleka mpaka kwenye kituo cha reli, wakazunguka mji mara mbili, dada akiwaamkia watu kupitia dirishani kama mgeni rasmi.

Njia nzima vidole vyake vilikuwa vikipapasa kiti.

"Mshono ni wako," akasema. "Lakini hapa pembeni ulikuwa na haraka."

"Mteja alikuwa ananisubiri."

"Nilikufundisha hivyo?"

Walilala chumba kimoja usiku huo. Kinyozi alihamia sebuleni bila kuambiwa. Daktari wa meno akapata lifti kwenye basi dogo, na siku ya pili Maziwa likarudi salama, bila hata mkwaruzo, kinyozi akiwa ameshikilia limau puani na macho yameganda mbele.

Tangu hapo Mama Sponji amekwenda mara mbili zaidi, kwa gari la kuazima. Anasema kuazima kuna mwisho, na mpango wa kuwa na lake ameshauanza. Anauelezea akiwa tayari amerudi kwenye kiti cha gari la bluu, uzi umeshikwa kwa meno.

Nyuma ya tanuri la mwokaji mikate wa mtaa wa pili kuna gari dogo la kusambazia mikate, lililostaafu zamani, halina kioo cha mbele, na limegeuzwa banda la kuku. Mwokaji ana viti vya duka vinavyohitaji kushonwa upya, na wamekubaliana: viti kwa gari. Mkwe ameikagua injini na kusema, kwa sauti yake ya kawaida sasa, kwamba itafufuka. Mlango wa pembeni ni wa kusukuma, sakafu iko chini, na ndani mtaingia kiti kipana cha watu wawili.

Hicho ndicho atakachompandisha dada yake mwakani, siyo kuzunguka mji tu, bali kwenda mpaka mahali walipozaliwa, ambako hawajafika pamoja tangu dada aolewe. Hawajui kama nyumba bado imesimama. Wanataka kwenda kuangalia.

Ubishi uliobaki ni rangi ya viti. Dada anataka nyekundu. Mdogo mtu anataka kahawia, haionyeshi uchafu. Jumapili iliyopita walibishana kwenye simu mpaka chaji ikaisha.

"Atashinda yeye, najua," anasema Mama Sponji, akiuvuta uzi hadi mshono ukae sawa. "Kitambaa chekundu nimeshakata. Na kuku nimewaambia wahame."